Fimbo Yetu Si Panga

Naandika nikiwa na hasira. Nilingoja wiki mbili ipungue, haikupungua. Basi naandika hivyo hivyo.

Mwezi uliopita bwana mmoja wa shirika moja linalosaidia vijana alikuja huku Kagugu kutazama kazi yetu. Silitaji shirika wala simtaji yeye, kwa sababu ninachopinga ni wazo, na wazo hilo nimelisikia ofisi nyingi. Alikuta vijana kumi na wanne uwanjani, wasichana watano na wavulana tisa, kila mmoja na fimbo ya mkaratusi inayomfika kifuani. Akapiga picha mbili. Halafu akaniita pembeni: "Hii ni nini?" Nikamwambia ni upanga mrefu wa Kijerumani, ule wa miaka mia sita iliyopita. Akacheka kidogo, akaandika kitu kwenye daftari.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Uwanja ule wanaukodi wao, kwa hiyo wana haki ya kusema nani autumie, hilo sikatai. Barua ilisema "mafunzo ya silaha" hayaendani na mazingira ya wakimbizi, yasimame mara moja, na vijana waandikishwe semina ya kutengeneza sabuni.

Mimi sina ugomvi na sabuni. Mama yangu mdogo aliuza sabuni ndipo nikamaliza sekondari. Ugomvi wangu ni huu: watu walituamulia bila kuuliza swali hata moja zaidi ya lile la "hii ni nini". Sasa naomba nijibu maswali ambayo hawakuuliza.

Kwanza, mambo haya yalitoka wapi. Mimi ni mtu wa Masisi. Nilifika Rwanda mwaka 2012 nikiwa na miaka kumi na mmoja, tukaanzia kambi ya Kigeme, baadaye nikaja kwa mama mdogo hapa Kigali. Januari 2021 mji ulifungwa kwa ajili ya korona, ile Guma mu rugo mnayoikumbuka wote. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na mpini wa fagio. Kwenye simu nikakuta picha za kitabu cha zamani: wanaume wawili wenye suruali za kubana, wameshika panga kwa mikono miwili, na maandishi nisiyoweza kuyasoma. Nilikuwa na siku nyingi za kukaa ndani. Nikaanza kusimama kama wao.

Kitabu kile kiliandikwa na Joachim Meyer, kikachapwa Strasbourg mwaka 1570. Nilipopata tafsiri ya Kiingereza nikaisoma kwa Kiingereza changu cha shule, na kamusi pembeni. Nilidhani nitakuta mtoto wa mfalme. Kumbe Meyer alikuwa fundi wa visu. Alizaliwa Basel, akahamia Strasbourg, akapata uraia wa mji ule kwa kumwoa mwanamke mjane wa pale. Alikopa pesa ili achapishe kitabu. Mwaka 1571 akasafiri mbali kwenda kuanza kazi mpya kwa bwana mkubwa mmoja huko Schwerin, akafa mwanzoni tu, akaacha deni. Jamani, mtu aliyehama, mwenye karatasi za kutafuta, mwenye deni, aliyekufa ugenini. Huyo mimi simwiti mgeni.

Kabla yake alikuwepo Johannes Liechtenauer, wa karne ya 14. Huyu mafundisho yake yalihifadhiwa katika mashairi ya mafumbo, makusudi, ili asiyefundishwa akisikia asielewe. Wanafunzi waliokuja baadaye, karne ya 15, ndio wakaandika maelezo ya kila mstari. Watu waliolelewa na bibi mwenye mafumbo wanaelewa kabisa mambo hayo. Na mwaka 1487 mfalme mkuu Friedrich wa Tatu aliwapa chama cha walimu wa upanga, Marxbrüder, haki rasmi ya kufundisha. Wengi katika vyama kama hivyo walikuwa mafundi: washona ngozi, wahunzi wa visu, watu wa mikono. Walifanya kazi yao ya kila siku, halafu wakashika upanga.

Sasa nijibu hoja moja moja.

Hoja ya kwanza: mtu aliyekimbia vita hafundishwi silaha. Hii hoja siidharau, kwa sababu haikusemwa na ofisi peke yake. Kwenye mkutano wa wazazi mama mmoja wa kwetu Kivu alisimama akaniambia mbele ya wote: "Mwanangu, siye tulikimbiaka panga. Sasa weye uko nafundisha batoto panga?" Watu wakanyamaza. Nami nilinyamaza, maana ni kweli, kwa lugha yetu upanga na panga ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini mama, na ninyi mnaosoma, tazameni tunachofanya. Panga la kule tulikotoka linashuka juu ya mtu asiye na kitu mkononi. Hapo hakuna mchezo wala sanaa, kuna mauaji. Fimbo yetu inakutana na fimbo nyingine. Wawili wamekubaliana, wana vitambaa vya magodoro vifuani, wana helmeti za motari zilizostaafu, wana mtu wa tatu anayesimamia. Aliyegusa anasema "samahani", aliyeguswa anasema "umenipata" kwa sauti, wote wasikie. Asiyekubali kwamba amepatikana anakaa chini siku hiyo. Ni kanuni yetu ya kwanza.

Na sehemu kubwa ya mafunzo ni kujizuia. Mwezi mzima wa kwanza hakuna anayempiga mtu. Tunasimama tu, mikao minne. Wajerumani waliiita Ochs, Pflug, Alber na vom Tag; sisi tunasema Fahali, Plau, Mjinga na Juu. Ule wa Mjinga ncha inaangalia chini, unaonekana huna ulinzi, na kumbe uko tayari. Vijana wanaupenda kuliko yote, sijui kwa nini, au labda najua. Halafu tunajifunza kupiga na kusimamisha fimbo kidole kimoja kabla ya uso. Jaribuni nyumbani na mti wa kilo moja na nusu, uzito kama wa upanga wenyewe. Kupiga ni rahisi. Kusimamisha kunauma mabega.

Jambo jingine ni kuhisi. Fimbo mbili zikikutana zinabaki zimegusana, na kwa mikono yako unasikia: mwenzako amekaza au amelegea? Akikaza, wewe legea umzunguke. Akilegea, wewe kaza. Huwezi kujua kwa kukasirika. Unajua kwa kutulia.

Tuna kijana wa miaka kumi na sita, jina lake ni lake. Alipokuja alikuwa akiguswa bega kwa nyuma anageuka na ngumi, hata kama ni mwenzake anamwomba chaki. Shule ilikuwa imemrudisha nyumbani mara mbili. Sitadai kwamba fimbo imemponya, mimi si daktari. Nasema nilichoona. Siku moja kwenye zoezi mwenzake alimpiga kweli kwenye mkono, kwa bahati mbaya. Fimbo yake ikapanda juu, ikafika karibu na shingo ya mwenzake, ikasimama. Sote tuliona ikisimama. Akasema, "Umenipata," akaenda kunywa maji. Toka siku ile shule haijamrudisha. Hicho ndicho barua inaita mafunzo ya silaha.

Na tusijifanye kwamba ni jambo geni kwenye kambi za Rwanda. Parfait Hakizimana ni Mrundi. Mwaka 1996, akiwa mtoto, kambi ya watu waliohama makwao huko Burundi ilishambuliwa. Mama yake aliuawa, yeye akaumizwa mkono vibaya sana. Mwaka 2015 alikimbilia Rwanda, kambi ya Mahama, na pale akawafundisha watoto taekwondo. Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alicheza kwenye timu ya wakimbizi. Kuna mtu aliyemwambia Parfait kwamba aliyeumizwa na vita asifundishe kupigana? Alishangiliwa, na alistahili. Teke la taekwondo likitua kichwani linaangusha mtu. Kwa nini teke liwe "uponyaji kupitia michezo" na fimbo iwe "silaha"? Kwa sababu teke lina bendera na shirikisho, na fimbo yetu ina mimi na fundi seremala? Semeni hivyo basi, tujue.

Hoja ya pili ni nzito kuliko zote: hapa ni Kigali. Gisozi ni jirani yetu. Katika ukumbusho ule uliofunguliwa mwaka 2004 wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mtu yeyote anayeinua mti juu ya kichwa katika mji huu lazima ajue anauinua mbele ya nani.

Na hapa nakiri kosa. Mwanzoni tulikuwa tunafanyia mazoezi nje ya ukuta, karibu na barabara ya vumbi. Kuna mama mzee anayekaa ng'ambo. Siku moja alifungua lango, akatuona, akalifunga polepole. Sikuelewa. Mama yangu mdogo ndiye aliyeniambia jioni: "We mtoto, umemwuliza yule mama alipitia nini?" Kesho yake tukaenda wote wawili, kwa sababu kijana haendi peke yake kuomba radhi kwa mzee. Alitupokea, akatuketisha. Alituambia kwa Kinyarwanda kwamba watoto hawamchukizi. Kilichomuumiza ni kwamba hakuna aliyemwambia. Hakusema kwamba anaupenda mchezo wetu. Alisema: fanyieni ndani ya ukuta, na Aprili muache.

Tukafanya hivyo. Hatujashika fimbo nje ya ukuta tena. Kuanzia tarehe 7 Aprili tunafunga, vijana wanakwenda kwenye maombolezo na majirani zao. Jumamosi ya mwisho wa mwezi pia hatufanyi, tuko kwenye umuganda kama kila mtu. Kwa yule mama nilikosea, nikaomba radhi, tukakubaliana. Lakini barua ya ofisi inazungumza kwa niaba ya watu kama yeye, na ofisi haijawahi kubisha lango lake. Nani basi aliyemheshimu?

Tena mji huu haujayakataa mambo haya yote. Nendeni kwenye harusi yoyote kubwa mtazame intore wanavyoingia na mikuki na ngao, manyoya ya katani vichwani, ardhi inatetemeka. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mkuki ule umetokana na vita, na leo unamkaribisha bibi harusi. Silaha inaweza kugeuka adabu, watu wakiamua kuigeuza. Wanyarwanda wanalijua hilo vizuri kuliko mimi na kuliko yule bwana wa daftari.

Hoja ya tatu: mambo ya Wazungu. Hii imetoka kwa vijana wenzangu, tena wale wanaovaa jezi ya Arsenal. Ndugu zangu, mpira tunaoucheza kila jioni kanuni zake ziliandikwa Uingereza. Taekwondo ni ya Korea. Hamjawahi kulalamika. Na fimbo kwa fimbo si ya Wazungu peke yao. Lamu wanacheza kirumbizi, wawili wawili kwa fimbo, ngoma na zumari zikilia, sikukuu za Maulidi na harusini. Makunduchi, Unguja, kila Mwaka Kogwa wanaume wanachapana kwa magomba ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, halafu wanakula pamoja.

Na Nairobi, upande wa Mathare, Mburu Wanyoike, ambaye mwenyewe amesimulia kwamba zamani alikuwa ndani ya genge, ameanzisha klabu ya vitara ya Tsavora na anafundisha watoto wa mtaa. Alexandra Ndolo, aliyezaliwa Ujerumani kwa baba Mkenya na mama kutoka Poland, alichukua medali ya fedha ya dunia huko Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, kisha akahamia Kenya, akaivalia jezi Olimpiki ya Paris 2024. Hao hawakuuliza upanga ni wa nani. Walishika.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya nisiache. Upanga mrefu wa Kijerumani ulikufa. Karne nyingi hakuna mwalimu aliyefundishwa na mwalimu. Wanaoucheza leo Ulaya waliufufua kutoka kwenye vitabu, mkao kwa mkao, wakibishana kila mstari. Sasa mimi nimekaa Kagugu, mtoto wa Masisi, nasoma jinsi fundi wa visu alivyoweka mguu wake wa kushoto miaka mia nne na zaidi iliyopita. Kwa nini? Kwa sababu aliandika.

Sisi wazee wetu wanajua nini ambacho hakijaandikwa? Babu yangu alikuwa mchunga ng'ombe, na kila mchungaji wa vilima vyetu alijua kujilinda kwa fimbo. Aliwahi kunionyesha namna moja ya kukinga, nikiwa mdogo, nikacheka nikakimbilia mpira. Babu hayupo. Najua mguu wa Meyer na sijui mguu wa babu yangu. Nikilala usiku hilo ndilo linaniuma, si barua. Kwa hiyo vijana wetu wana kazi ya nyumbani: kila mmoja amtafute mzee mmoja, kambini au mtaani, amwombe aonyeshe anavyoshika fimbo, achore, aandike. Tumeshapata kurasa tisa. Semina ya sabuni haitatuletea ya kumi.

Hoja ya nne: hailipi. Kweli kabisa, hailipi. Meyer mwenyewe alikufa na deni, nishawaambia. Fimbo moja fundi anatutoza faranga 1,000 na bado tunadaiwa sita. Sina mradi wa kuonyesha wala sitaahidi kazi kwa mtu. Lakini niwaulize wafanyakazi wa misaada, maana najua mnasoma jarida hili na wengine wenu ni rafiki zangu: ninyi mkitoka kazini mnafanya nini? Mmoja anakimbia, mmoja anapiga gitaa, mmoja anapanda milima. Kuna aliyewaambia kwamba mkimbio wenu hautengenezi sabuni? Mtu akiwa na pasipoti anaruhusiwa kupenda kitu kisicho na faida. Akiwa mkimbizi, kila saa yake lazima izae hela au ripoti. Mnatuhesabu tumbo, mikono na hatari: tumbo la kulisha, mikono ya kupewa stadi, hatari ya kuzuia. Kichwa mnakiweka safu gani ya fomu?

Sasa, sitaki kumaliza kwa kelele tupu. Naomba mambo matatu, na yote ni madogo.

La kwanza, turudishiwe saa mbili za Jumamosi asubuhi, ndani ya ukuta, kwa masharti tuliyokubaliana na majirani. Mkitaka masharti mengine, yaleteni tuyajadili, lakini mje wenyewe.

La pili, yule bwana wa daftari arudi. Nitampa helmeti na fimbo, na msichana wetu wa miaka kumi na tano atamfundisha mkao wa Mjinga. Hatapigwa. Baada ya nusu saa aseme mwenyewe kama aliona silaha au aliona watu wanaojifunza kusimamisha mkono.

La tatu ni kwenu mlioko Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na Mahama. Kama una babu au bibi anayejua kushika fimbo, usingoje mradi. Keti naye leo. Mwulize mguu unakaa wapi, mkono upi uko juu, jicho linatazama nini. Andika, hata kwenye karatasi ya unga. Ukimaliza, tuma nakala kwa jarida hili, nasi tutaisoma.

Kwa sasa fimbo kumi na nne ziko chini ya kitanda changu, na mama mdogo analalamika kwamba hawezi kufagia. Namwambia avumilie. Jumamosi nitakwenda ofisini kuomba miadi, mikono mitupu, na kurasa tisa mfukoni.